Njiti, kambo, matunzo: maneno ya mtoto kutoka kliniki hadi mahakamani

Chukua binti wa miaka 16 wa Tanzania Bara. Kama yuko kidato cha pili, mwanamume atakayemwoa anaweza kufungwa miaka 30. Ndivyo Sheria ya Elimu inavyosema tangu ifanyiwe marekebisho mwaka 2016. Kama hayuko shuleni, Sheria ya Ndoa ya 1971 inamruhusu kuolewa, kwa sababu umri wa msichana humo ni miaka 15 mradi mzazi ameridhia. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kuwa mtoto mpaka atimize miaka 18. Na Kanuni ya Adhabu inasema anayelala naye amebaka, awe ameridhia au hakuridhia, isipokuwa akiwa ni mumewe.

Umri ni uleule katika sheria zote nne. Kinachobadilika ni jina analoitwa: mwanafunzi, mke, mtoto. Mahakama Kuu iliuona mgongano huo mwaka 2016 katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ikasema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinapingana na Katiba. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo na kuipa serikali mwaka mmoja wa kurekebisha. Mwaka ukapita, vifungu vikabaki palepale.

Mfano huu unajulikana kwa sababu ulifika mahakamani, lakini maneno mengi anayokutana nayo mzazi yana tabia hiyohiyo. Yametungwa katika ofisi mbalimbali, kila ofisi kwa kazi yake. Nesi anataka kujua amhudumie mtoto vipi, mtu wa takwimu amhesabu kundi gani, hakimu amkabidhi kwa nani. Mzazi anayapokea yote kwa pamoja, na hakuna anayemwambia kwamba neno la kaunta hii halina maana ileile kwenye kaunta ya pili.

Wiki za kadi na wiki za tumboni

Kadi ya mjamzito, ile namba 4, inahesabu mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Siku hiyo mimba haipo. Yai hupevuka kama wiki mbili baadaye, na hapo ndipo mimba huweza kutunga. Kwa hiyo mama anayeambiwa ana wiki sita, kilichomo tumboni kina wiki kama nne tu. Sababu ya kuhesabu hivyo ni kwamba wanawake wengi huikumbuka tarehe ya hedhi, ilhali siku mimba ilipotunga ni vigumu kuijua.

Wiki hizo mbili zimezua ugomvi kwenye nyumba nyingi. Mume alikuwa safarini, amerudi wiki nane zilizopita, kadi inasema mimba ina wiki kumi. Anapiga hesabu, anaona wiki mbili zimezidi, na ukoo mzima unaitwa. Kadi haikukosea na mke hakukosea. Mume ndiye aliyesoma hesabu ya wakunga kana kwamba ni shajara.

Hesabu hiyo ina jambo jingine zito zaidi. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itunge, yaani katika wiki ya sita kwa hesabu ya kadi. Usipofunga, mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na mara nyingi kichwa kikubwa hufuata kwa sababu maji ya kwenye ubongo hayapiti inavyotakiwa. Vidonge vya foliki asidi wanavyopewa mama wajawazito kliniki vinasaidia damu, lakini ili vizuie mgongo wazi vinatakiwa viwe mwilini kabla mimba haijatunga. Anayeanza kliniki mwezi wa nne amekwisha kupita hapo bila kujua. Hii ndiyo sababu ya kutia virutubishi kwenye unga wa ngano na wa mahindi: huliwa na wote, hata na yule ambaye bado hajajua kama ana mimba.

Mimba ikitoka kabla ya wiki 28, hospitali zetu huandika kuwa imeharibika. Kuanzia wiki 28, mtoto akitoka bila dalili ya uhai huandikwa amezaliwa mfu. Shirika la Afya Duniani linautumia mpaka huo wa wiki 28 kulinganisha nchi na nchi, na Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 219, inauchukua kama ushahidi wa awali kwamba mtoto angeweza kuzaliwa hai. Kifungu cha 204 kinaweka mpaka mwingine kabisa: mtoto huwa mtu anayeweza kuuawa pale anapokuwa ametoka wote tumboni mwa mama akiwa hai, awe amevuta pumzi au bado, kitovu kiwe kimekatwa au bado. Mama aliyempoteza mtoto katika wiki ya 27 akikuta faili limeandikwa "mimba imeharibika", asidhani kuna aliyepima msiba wake. Mpaka huo uliwekwa kwa ajili ya takwimu na mashtaka.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya kutimia wiki 37. Hapa kuna mchanganyiko unaostahili kusimamiwa kidogo, kwa maana watu wengi, hata baadhi ya wahudumu, humwita njiti kila mtoto aliyezaliwa mdogo. Mtoto mwenye uzito chini ya kilo 2.5 ana uzito pungufu wa kuzaliwa, na hilo ni jambo lingine. Anaweza kuwa ametimiza wiki 39 lakini akawa na kilo 2.2 kwa sababu ya malaria, shinikizo la damu la mama au kondo la nyuma lisilofanya kazi vizuri. Na mtoto wa mama mwenye kisukari anaweza kuzaliwa wiki ya 35 akiwa na kilo 3; anaonekana mnene, kumbe ni njiti, mapafu yake hayajakomaa na kunyonya kwake kunasuasua. Basi mzazi aulize maswali mawili, si moja: ana wiki ngapi, na ana kilo ngapi. Mtoto anaweza pia kuwa na yote mawili, na hao ndio wengi wanaofungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa utaratibu wa kangaruu ulioanzishwa Bogotá na daktari Edgar Rey mwaka 1978, wakati mashine za kutunzia vichanga zilipokuwa hazitoshi.

Kwa miaka mingi sheria ya kazi haikumjua njiti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ilitoa siku 84 za likizo ya uzazi, 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na siku 3 kwa baba. Mama wa njiti alizimaliza nyingi wodini, akarudi kazini na mtoto ambaye kwa hesabu ya kadi alikuwa ndiyo kwanza ametimiza muda wa kuzaliwa. Marekebisho ya 2025 yakamtambua mtoto huyo na kumwongezea mama yake muda wa likizo. Hapo ndipo neno la wodini lilipogeuka kuwa neno la ofisi ya utumishi, na kwa hiyo ile karatasi ya hospitali inayotaja idadi ya wiki isitupwe.

Njiti ana umri wa aina mbili. Mtoto aliyezaliwa wiki ya 30, wiki kumi kabla ya 40, akitimiza wiki 26 tangu azaliwe ana miezi sita kwa kalenda. Lakini umri wake uliorekebishwa ni wiki 16, hajafika miezi minne. Kukaa, kutambaa na kutamka hupimwa kwa umri uliorekebishwa, kwa kawaida hadi afikishe miaka miwili. Chanjo hazirekebishwi: za wiki ya 6, ya 10 na ya 14 hufuata siku aliyozaliwa. Bibi anayeshangaa kwamba mjukuu wa miezi sita hakai anatumia kalenda isiyo yake.

Kukua, kuchelewa na kuumwa

Udumavu, ukondefu na uzito pungufu hutajwa kwa pumzi moja redioni kana kwamba ni kitu kimoja. Udumavu ni ufupi kulingana na umri, matokeo ya lishe duni na maradhi ya muda mrefu. Ukondefu ni wembamba kulingana na urefu, na hutokea haraka, kwa njaa au kuharisha. Ndio unaoua upesi, na ndio unaopimwa kwa ule utepe wa mkononi ambao chini ya sentimita 11.5 huonyesha hali ni mbaya sana. Uzito pungufu ni uzito mdogo kulingana na umri, nao hauwezi kukwambia kama mtoto ni mfupi au amekonda. Vipimo vyote hulinganishwa na viwango vya Shirika la Afya Duniani vya 2006, vilivyotokana na watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani waliolelewa katika mazingira mazuri. Wanaosema "viwango ni vya Wazungu" wamekosea.

Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu mazuri na kitambi. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na mkoa ulioongoza, kwa zaidi ya nusu ya watoto, ulikuwa Iringa, unaovuna mahindi na kuwalisha wengine. Ghala kujaa hakumaanishi uji wa mtoto una maziwa, mayai au dagaa.

Udumavu haumaanishi mtoto amechelewa kiakili, ingawa lishe mbaya huathiri vyote. Kuchelewa hupimwa kwa mambo anayofanya. Utafiti wa nchi mbalimbali uliozaa viwango vile vya 2006 ulionyesha watoto wenye afya huanza kutembea peke yao popote kati ya mwezi wa 8 na miezi 17 na nusu hivi, na wachache hawakutambaa kabisa kwa mikono na magoti. Kwa hiyo mtoto wa miezi 14 asiyetembea si mgonjwa, hata kama wa jirani alitembea akiwa na miezi tisa. Linalotakiwa kumshtua mzazi ni mtoto kupoteza alichokuwa nacho: alikuwa anasema "mama", sasa hasemi. Huyo apelekwe hospitali wiki hiyohiyo.

Yakitokea matatizo, jina linalotolewa mara nyingi ni mtindio wa ubongo, na jina hili limebebeshwa mzigo kupita uwezo wake. Kwa madaktari ni athari kwenye ubongo uliokuwa bado unakua, inayoharibu mwendo na ukakamavu wa mwili. Athari yenyewe haiongezeki, japo misuli huweza kukaza zaidi mtoto akikua bila mazoezi. Wapo wenye mtindio ambao akili yao ni nzima kabisa. Mdomo tu ndio hauwatii. Ulemavu wa akili ni hali nyingine, inayohusu kujifunza na kujimudu, na mtoto mwenye hali hiyo anaweza kukimbia kama wengine. Usonji ni ya tatu: huonekana katika kuwasiliana, kuhusiana na watu na kurudiarudia mambo yaleyale. Haugunduliwi kwa kipimo cha damu wala picha ya kichwa, bali kwa mtaalamu kumwangalia mtoto na kumsikiliza mzazi. Hali hizi huweza kukutana kwa mtoto mmoja, na hapo ndipo mkorogo unapoanzia. Lakini anayehitaji mazoezi ya viungo na kiti maalumu hafaidiki akipelekwa mahali pa kufundisha mawasiliano peke yake. Mzazi akipewa jina moja tu, ana haki ya kuuliza: ni mwendo, ni akili, au ni mawasiliano?

Degedege nalo. Kwa wazee wengi ni ugonjwa wenye asili yake, usioendana na sindano, na imani hiyo imechelewesha watoto wengi. Hospitalini ni mtukutiko wa mwili wenye sababu nyingi: homa kali kwa watoto wa kati ya miezi sita na miaka mitano, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, sukari kushuka. Kifafa ni mtukutiko unaojirudia bila sababu ya papo hapo. Degedege la homa likipita, watoto walio wengi hawapati kifafa.

Baba ni nani, mlezi ni nani

Tukivuka kwenda upande wa sheria, swali la kwanza ni nani mzazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaipa mahakama vitu kadhaa vya kuangalia: jina kwenye daftari la vizazi, mila aliyoifanya baba juu ya mtoto, kukiri kwake hadharani, na majibu ya vinasaba (DNA). Watu siku hizi wanaruka moja kwa moja kwenye vinasaba, lakini aliyefanya sherehe ya kumpa mtoto jina mbele ya ukoo ameshajiandikia ushahidi. Tena kipimo hicho mtu haendi tu dirishani na unywele kwenye bahasha. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupokea ombi kupitia mamlaka zilizotajwa kisheria, kama mahakama, ustawi wa jamii au wakili.

Sheria hiyo pia ilifuta sheria ya zamani ya watoto wa nje ya ndoa, iliyokuwa imeyafunga matunzo kwenye shilingi 100 kwa mwezi. Sasa kiwango hutegemea kipato cha wazazi na mahitaji ya mtoto. Matunzo si hisani wala si malipo ya kumwona mtoto. Baba aliyenyimwa kumwona bado anadaiwa, na mama asiyepata matunzo hawezi kwa sababu hiyo peke yake kufunga mlango. Kila jambo lina ombi lake mahakamani. Na baba wa kambo aliyempokea mtoto kama wa nyumba yake anawajibika kumtunza chini ya Sheria ya Ndoa, pale wazazi wenyewe wanaposhindwa.

Mtaani utaambiwa mtoto akifika miaka saba anakwenda kwa baba. Hakuna kifungu kinachosema hivyo. Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema mtoto wa chini ya miaka saba inadhaniwa ni heri akae na mama, na dhana hiyo inaweza kupinduliwa kwa ushahidi. Baada ya saba, dhana inaondoka, haihamii kwa baba. Mahakama huangalia maslahi ya mtoto, maoni yake mwenyewe, madhara ya kumhamisha, na kama ndugu watatenganishwa. Naona saba ya mtaani imechanganya vyanzo: katika fikihi ya Kishafi mtoto akifika umri wa kupambanua, kama miaka saba, hupewa nafasi ya kuchagua kati ya wazazi, na katika mila za ukoo wa baba, mahari iliyolipwa ndiyo iliyosema watoto ni wa nani. Zanzibar mashauri ya Waislamu ya namna hii husikilizwa na mahakama za kadhi, na huko ipo pia Sheria ya Mtoto ya 2011. Kenya imelimaliza swali la wajibu kwenye Katiba yenyewe: ibara ya 53 inawabebesha baba na mama wajibu sawa, wawe wameoana au hawakuoana.

Malezi ya kambo huwapoteza watu kuliko yote. Nyumbani, kambo ni mume wa mama au mke wa baba. Kwenye makaratasi ya serikali ya Tanzania, malezi ya kambo ni familia isiyo ya mtoto kukabidhiwa amlee kwa muda, chini ya uangalizi wa afisa ustawi wa jamii. Haki za wazazi wa kuzaa hazifi. Kuasili kunazimaliza: Mahakama Kuu ikitoa amri, mtoto anakuwa wa walioasili kana kwamba wamemzaa, anarithi kwao, na uhusiano wa kisheria na wazazi wa awali unakatika. Mwombaji asiye ndugu anatakiwa awe na miaka 25 na amzidi mtoto angalau miaka 21. Mwislamu anayetaka kumlea yatima bila kumbadilishia nasaba hawezi kulitumia neno kuasili, kwani Qurani, katika sura ya Al-Ahzab, inaagiza watoto wa kulea waitwe kwa baba zao. Kafala ndiyo njia yake: unamlea, unamlisha, unamsomesha, jina na mirathi vinabaki alikotoka; ukipenda unamwachia wasia usiozidi theluthi ya mali yako. Mkataba wa kimataifa wa haki za mtoto unaitaja kafala katika ibara ya 20, na Sheria ya Watoto ya Kenya ya 2022 imeiingiza.

Bado hatujamfikia mlezi aliye wa kawaida kuliko wote: shangazi au mjomba aliyeachiwa mtoto wa ndugu yake miaka kumi iliyopita, bila karatasi. Shuleni anasaini, kliniki anasikilizwa, mtaani ndiye mama. Siku mtoto anahitaji pasipoti, au marehemu ameacha nyumba, au ndugu aliyeko Ulaya anataka kumchukua akasome, anaulizwa amri ya mahakama. Anatoa barua ya serikali ya mtaa. Barua hiyo inathibitisha anaishi na mtoto. Haimpi mamlaka ya kuamua kwa niaba yake, na ubalozi hautaisoma kama amri ya kuasili. Anachohitaji mara nyingi si kuasili. Ni kuteuliwa na mahakama kuwa mlezi wa kisheria, na njia huanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya, akiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto, vyeti vya vifo kama wazazi hawapo, na muhtasari wa kikao cha ukoo. Wazazi wakiwa hai, ridhaa yao iandikwe mapema, kabla ya siku ya safari.